Mbuzi kumi na mmoja na bani la tumbaku

Nilipostaafu ualimu niliapa sitalima tena tumbaku. Kwetu Urambo tumbaku ndiyo iliyosomesha watoto wangu, siikani, lakini ndiyo hiyo hiyo iliyoumaliza mgongo wa baba watoto, na kuni za kukaushia tulizifuata mbali mpaka msitu ukatuchoka. Yakabaki mabani mawili, yale majengo ya kukaushia tumbaku, nyuma ya nyumba. Moja lilikuwa limeporomoka ukuta. La pili lilikuwa zima kabisa: tofali za kuchoma, kuta hazina ufa, mlango unafunga mpaka mwisho, bati halivuji. Jioni moja nikalizunguka, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, nikaona banda la mbuzi tayari.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kijiji cha pili alinipigia simu. Naye amestaafu, naye ana bani, naye anataka mbuzi. Nikamweleza mpaka salio lake likakata. Ndipo nikaamua kuandika jinsi homa ya mapafu ya mbuzi na bani langu vilivyonipotezea mbuzi kumi na mmoja.

Nilianza mwaka 2022 na majike sita na beberu mmoja. Kufikia katikati ya 2023 walikuwa kumi na sita, pamoja na kondoo wanne nilioachiwa na shemeji yangu alipohamia Mpanda. Hakuna aliyekuwa ameugua zaidi ya minyoo na kupe, na hilo lilinivimbisha kichwa. Watu wakipita njiani nawaita waje waone banda. Matundu ya chini, yale ya kuingizia hewa wakati wa kukausha tumbaku, niliyaziba kwa matope. Ya juu nikayasindilia magunia, maana fisi wapo, wezi wapo, na asubuhi za Juni na Julai huku si za mchezo. Samadi sikuizoa. Niliambiwa inawapa joto, na mimi nilikuwa naitaka ioze vizuri kwa ajili ya bustani ya mchicha.

Sasa bani hujengwa ili hewa ikae ndani mpaka mwenyewe aamue itoke. Nikaingiza humo mbuzi kumi na sita na kondoo wanne, mikojo yao na pumzi zao, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi. Kijana aliyekuwa akinichungia alikuwa na mtindo wake: anafungua mlango, anakimbilia pembeni, anajifunika pua kwa shati na kuhesabu hadi kumi, ndipo anawatoa. Ile harufu ilichoma macho hata ukiwa umesimama nje. Tulikuwa tunacheka. Kijana alihesabu kumi, mbuzi walikuwa wamehesabu saa kumi na nne humo ndani.

Julai 2023 niliuza mahindi, nikapanda gari hadi mnadani na laki nane na nusu kwenye pochi. Nikanunua mbuzi tisa kwa 85,000 kila mmoja, jumla 765,000. Walitoka kwa wauzaji watatu tofauti. Mmoja, jike mwekundu, alikuwa na kamasi iliyokauka puani. Nikauliza. Muuzaji akasema vumbi tu hilo, mama. Nami nilikubali, maana siku ile hata mimi nilikuwa napenga vumbi jekundu kwenye leso. Tukawapakia kwenye lori lililokuwa na mbuzi wa watu wengine, wamebanana kama magunia ya mpunga, jua la saa nane, hakuna maji. Walifika kwangu usiku, na usiku huo huo nikawaingiza bani pamoja na wenzao. Nilifurahi kuona wamejaa. Ishirini na watano!

Kikohozi cha kwanza nilikisikia usiku wa siku ya kumi na moja. Kifupi, kikavu, kama mtu anayesafisha koo kanisani. Asubuhi yule jike mwekundu alikuwa amesimama peke yake chini ya mwembe, miguu ya mbele ameitanua, shingo ameinyoosha kana kwamba ananusa kitu cha mbali. Kila akitoa pumzi anaguna. Mate yalikuwa yananing'inia mdomoni mfano wa uzi, ulimi umetokeza kidogo. Nikamsogezea maganda ya ndizi, kitu ambacho sijaona mbuzi akikikataa. Hakuyatazama. Nilipomgusa ubavuni alishtuka kama niliyemchoma na kaa la moto.

Nikasema: baridi hiyo.

Nikishaita baridi, basi kila nilichofanya kilikuwa cha baridi. Niliongeza magunia kwenye matundu. Niliwasha moto wa samadi kavu na majani ya mwarobaini kwenye kona ya bani ili moshi uwafungue kifua, kama bibi yangu alivyokuwa akitufukiza sisi tukiwa na mafua. Ebu pima mwenyewe: mnyama anahangaika kupata hewa, mimi namletea moshi na kumfungia mlango. Siku ya tatu walikuwa wanakohoa saba, wakiwemo wa kwangu wa zamani.

Nikaenda duka la dawa za mifugo. Kijana wa pale aliuliza swali moja tu, "Wanakohoa?", akanipa penisilini na sindano. Nilitumia 46,000 kwa safari mbili. Kwa kuwa chupa ni ndogo na wagonjwa ni wengi, niligawanya, kila mmoja akapata kidogo, na baada ya siku mbili nilipoona wawili wameanza kula nikaacha. Wale wawili walikufa mwisho wa wiki. Baadaye nilielezwa kwamba vijidudu vya ugonjwa huu viko kwenye kundi linaloitwa mikoplazma, navyo havina ukuta wa seli kama walio nao bakteria wengine. Penisilini kazi yake ni kuharibu ukuta huo. Pasipo ukuta, inabomoa nini? Ningewachoma hata ndoo nzima. Na kwa kugawa dozi nilikuwa pia nawafundisha bakteria wengine waliomo mwilini kuizoea dawa.

Lililofuata ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hapo nililiua jike langu mwenyewe kwa mikono yangu, na ugonjwa ukasingiziwa.

Aliitwa Pamba, mweupe, mzao wa kwanza wa banda langu. Alikuwa anakohoa kidogo tu, bado anacheua. Jirani alinishauri tangawizi, limau na mafuta ya alizeti. Nikachemsha, nikatia kwenye chupa ya soda. Kijana akambana katikati ya magoti, akamshika taya na kumwinua kichwa mpaka pua ikatazama mbinguni, mimi nikamvuta ulimi pembeni na kumimina. Nilimimina haraka ili asiteme. Akakohoa. Nikamwambia kijana amshike vizuri. Akakohoa tena, kikohozi chenye maji ndani yake, kikimbubujika kooni, na povu la mafuta likatoka puani. Nikamalizia robo iliyobaki. Jioni alikuwa na homa, pumzi fupi fupi, na puani harufu ya kuoza ilianza kesho yake. Hakufika keshokutwa.

Kooni mwa mbuzi, kama mwetu, njia ya chakula na njia ya hewa zinapishana, na pana kifuniko kinachoziba njia ya hewa pale anapomeza. Ukiinua kichwa namna ile na kumvuta ulimi, kumeza kwenyewe kunavurugika, na kitu kioevu kinateleza kwenda mapafuni. Kikohozi chake kilikuwa kinaniambia acha. Mafuta ndiyo mabaya kuliko yote, hayakohoeki. Siku hizi nikilazimika kunywesha dawa ya minyoo natumia bomba la sindano lisilo na sindano, naliingiza pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, pua ikiwa sawa na jicho, si zaidi ya hapo, nasukuma kidogo na kungoja ameze. Akikohoa namwachia kichwa mara moja. Na mnyama anayehema kwa shida simnyweshi kitu chochote, hata awe anakufa.

Walipofika watano waliokufa, mtu mmoja aliniambia ukweli ambao wengi tunaambiana chinichini: uza wanaokohoa kabla hawajaanguka. Nikauza wawili kwa mnunuzi aliyekuwa anapita na pikipiki, 30,000 kila mmoja. Sikumwambia. Alipouliza kuhusu kamasi nilijisikia nikijibu, "Vumbi." Neno lile lile. Mimi niliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini na mbili.

Sikulala usiku ule. Asubuhi nilikodi bodaboda nikamtafuta. Mmoja alikwisha chinjwa. Wa pili alikuwa amemfunga nyuma ya nyumba yake, kwa bahati hana mbuzi mwingine. Nilimrudishia pesa zake zote, akanitazama kama mwendawazimu, tukakubaliana asimtoe pale. Kisha, nikiwa bado juu ya bodaboda, nikampigia afisa mifugo wa kata. Ningempigia siku ya kumi na mbili. Sikumpigia kwa sababu niliogopa gharama, na pia kwa sababu ya kiburi cha mtu aliyezoea kuwafundisha wengine.

Alikuja saa tisa alasiri, kijana wa umri wa mwanangu wa tatu. "Shikamoo Mwalimu," kisha akaenda moja kwa moja kwa kondoo. Mimi nikadhani amekosea. Aliwatazama midomo, akainua mikia. "Hawa hawajaumwa kabisa?" Hawajaumwa. "Wamelala banda moja na mbuzi?" Banda moja. "Kuna aliyeharisha kati ya mbuzi?" Hakuna. Alifungua midomo ya mbuzi wagonjwa, akapapasa fizi kwa kidole, safi, hakuna vidonda.

Alinieleza huku akifuta mikono. Kuna sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi uliothibitishwa nchini mwaka 2008 huko Ngorongoro, na huo nao unaleta kamasi na nimonia. Lakini sotoka hupiga mbuzi na kondoo, hutoboa vidonda mdomoni na huharisha vibaya. Mbuzi wanaguna kondoo wanacheua, hakuna kuhara, mdomo safi, mgeni kutoka mnadani: hapo mtu anaanza kufikiria homa ya mapafu ya mbuzi. Alipima joto la watatu. Mbuzi mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 40 hivi. Mmoja alikuwa na 41.3.

Kwa bahati, kama ni bahati, mmoja alikuwa amekufa mchana huo. Alimpasua pale pale juu ya gunia, mbali na banda, amevaa glovu, akaniita nisogee. Alipofungua kifua yalimwagika maji ya njano, rangi ya chai ya rangi iliyozidishwa maji, karibu kikombe kizima. Pafu la kushoto lilikuwa zuri, la waridi, jepesi kama sponji. La kulia lilikuwa gumu kama ini na limegandana na mbavu, akalazimika kulibandua kwa vidole, na juu yake kuna utando wa njano kama yai la kukaanga. Akakata kipande akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikazama. Akakata cha pafu zima, kikaelea. "Hicho kilichozama hakina hewa tena, Mwalimu. Alikuwa anaishi kwa pafu moja."

Nilimsimulia habari za Pamba na chupa ya soda. Alinyamaza kidogo. Akasema angepasuliwa, maradhi yangeonekana kwenye ncha za chini za mbele za mapafu, pande zote mbili, meusi na yananuka, kwa sababu kilichomiminwa hutelemka huko. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Vipande vya pafu na maji ya kifuani vilisafiri kwenye kopo la barafu hadi Tabora mjini, kwenye kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, na jibu likaja kama alivyodhani. Ila matibabu hakungoja jibu. Alitumia dawa ya tailosini kwa wagonjwa, na akamkadiria kila mmoja uzito kwa kumzungushia futi ya fundi cherehani kifuani, jambo ambalo mimi na futi yangu ya kushonea hatukuwahi kulifikiria. Siku tatu mfululizo bila kuruka, hata kwa aliyeanza kuruka ruka. Oksitetrasaiklini nayo hufanya kazi, alisema, muhimu ni dozi kamili na mapema, kabla pafu halijagandana. Nyama na maziwa hayaguswi mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa. Nililipa 118,000 kwa dawa, mafuta ya pikipiki na maabara. Mbuzi kumi na mmoja waliokufa, hata ukiwahesabu kwa 80,000 tu, ni 880,000 nyingine. Hesabu hiyo niliiandika ubaoni pale barazani ikakaa wiki nzima, baba watoto akaja kuifuta bila kusema kitu.

Jioni ile, kabla hajaondoka, aliomba kuona banda. Akaingia, akachuchumaa katikati kwenye samadi mpaka kichwa chake kikawa sawa na pua ya mbuzi. Akaniita. Nikachuchumaa. Sikufika hesabu ya ishirini, machozi yalikuwa yananitoka. Nikiwa nimesimama harufu ilikuwa mbaya, chini kule ilikuwa kama kisu.

Hapo ndipo nilipofundishwa somo ambalo natamani ningelijua wakati nikifundisha sayansi darasa la sita. Pua ya mbuzi si bomba tupu. Ndani kuna vifupa vyembamba vilivyojikunja kama gamba la konokono, vimefunikwa ngozi laini yenye damu nyingi, na hewa inapopita hapo inapashwa joto, inalowanishwa, na vumbi kubwa linanasa. Kuanzia hapo hadi ndani kwenye matawi ya mapafu njia yote imepakwa ute, na chini ya ute kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinavyopiga kwa mpangilio, kama mpunga wa Igunga ukipitiwa na upepo, vikisukuma ute na uchafu wake kuelekea kooni. Mnyama anaumeza bila hata kujua, ukafie tumboni. Kilichopita hapo kinakutana na kikohozi. Kilichopita kikohozi kinakutana na seli za ulinzi zinazozurura kwenye vifuko vya hewa na kumeza kila kigeni. Mchana na usiku, bila mimi kununua chochote.

Ile hewa ya mkojo, yaani amonia, inavilegeza vile vinyweleo na kuchubua njia. Ute unasimama. Vumbi linaongeza mzigo. Mnyama aliyebanwa kwenye lori bila maji anafika ute umekauka na kinga ya mwili imeshuka. Hapo hata vijidudu ambavyo siku zote vinaishi puani mwa mnyama mzima bila kumdhuru, kama vile pasturela, vinapata njia ya kushuka mapafuni na kuleta nimonia yao. Kwa hiyo hata kama yule jike mwekundu asingeleta homa ya mapafu, bani langu lingeniletea kitu kingine. Ugonjwa huu wenyewe hupita kwa matone ya pumzi, mbuzi akimkoholea mwenzake kwa karibu. Hebu niambie, pale bani nani alikuwa mbali na nani?

Jirani yangu, mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe zaidi ya arobaini, alikuja alfajiri ya kesho yake. "Mwangaluka," halafu kimya kirefu, halafu akauliza lililomleta: je, ng'ombe wake? Yeye anaikumbuka homa ya mapafu ya ng'ombe iliporudi nchini kuanzia mwaka 1990 ikipitia kaskazini, ikaja ikishuka na mifugo inayohama. Afisa mifugo akamtuliza: vijidudu hivi ni ndugu lakini kila kimoja na nyumba yake, hiki cha mbuzi hakihamii kwa ng'ombe. Ila akamwambia mbuzi wake kumi na wawili asiwapeleke kwenye lambo la pamoja mpaka tuambiwe. Mzee alikubali, na kwa wiki sita kijana wangu na wake walichota maji kwa ndoo. Deni lile silijui nitalilipa vipi. Nilimpelekea debe la mahindi, akarudisha debe likiwa na viazi.

Banda nililirekebisha kwa nyundo, kwa hasira. Tuliondoa mistari mitatu ya tofali chini ya paa, pande mbili ndefu zinazotazamana, tukaweka wavu wa chuma kwa ajili ya wezi na fisi. Matundu yako juu ya vichwa vya mbuzi, hivyo hewa chafu inapanda na kutoka na upepo wa usiku hauwapigi wakiwa wamelala. Hilo ndilo lililonichanganya mwanzo: nilidhani kuwakinga na baridi ni kuwazibia hewa. Mbuzi mkavu aliyeshiba anavumilia baridi ya Julai vizuri tu. Kisha tukainua uchaga wa fito, nafasi kati ya fito na fito inapitisha kidole gumba, kinyesi na mkojo vinaanguka chini, tunazoa kila Jumamosi. Mchicha wangu haujapungukiwa. Gharama yote, fito, misumari, wavu na fundi, ilikuwa 210,000. Kila Jumapili kabla ya ibada nachuchumaa ndani, nahesabu hadi mia. Siku nikishindwa kufika mia, siku hiyo tunafagia.

Bani la pili, lile lililoporomoka, sasa ndilo la wageni. Lina ukuta mmoja pungufu na hewa yote ya Urambo. Mnyama yeyote anayeingia kwangu, hata wa zawadi, hata wa mahari, anakaa huko siku thelathini, na ndoo yake na kamba yake, na anahudumiwa mwisho baada ya wengine. Shemeji yangu alikasirika nilipomweka beberu wake huko. Akae na hasira yake. Ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza ndani ya siku kumi lakini waweza kuchelewa wiki tatu au nne, na mimi siku kumi za kwanza nilizipoteza nikishangilia idadi.

Chanjo ipo. Mwaka ule ule nilikuwa sijui kama ipo. Huchanjwa mbuzi mzima, si anayeumwa, na hurudiwa kila mwaka. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko mbuzi wa mtu mmoja, kwa hiyo tumejikusanya kaya tisa, tunachanga, tunamwita mtaalamu siku moja. Chanjo inatoka kwenye jokofu kwenda kwenye kopo la barafu kwenda kwenye mbuzi. Aliyeileta mfukoni mwa koti, mwacheni aondoke nayo.

Kuku nao, kwa kuwa nimo humo humo. Baada ya mkasa huu nilianza kuuliza maswali mengi mpaka yule kijana akawa anapokea simu kwa kucheka. Kuku hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama sisi. Mapafu yake hayatanuki, yamebanwa mgongoni, na hewa inasukumwa na mifuko ya hewa iliyotapakaa mwilini, mpaka mingine inaingia ndani ya mifupa. Kifua kinapopanuka ndipo anapata hewa. Kwa hiyo mtoto anayembana kuku kifuani kwa mikono miwili kwa upendo anamnyonga bila kumgusa shingo. Wajukuu zangu niliwakataza siku hiyo hiyo. Na chanjo ya kideri tunayodondosha jichoni, tone moja kila baada ya miezi mitatu, nilikuwa naona kama mzaha, lini jicho likawa mlango wa mapafu? Kumbe jicho la kuku lina njia inayoshuka puani, na nyuma yake kuna tezi inayotengeneza kinga hapo hapo mlangoni, kabla virusi havijaingia ndani.

Nimejifunza pia kuhesabu. Saa kumi na mbili asubuhi, wakiwa bado wamelala na hawajapigwa na jua, nasimama mlangoni na simu yangu na kutazama ubavu wa mmoja ukipanda na kushuka. Mbuzi mzima aliyetulia hupumua mara 15 hadi 30 kwa dakika. Anayezidi hapo akiwa hajakimbia na hakuna joto, namtoa pembeni na kumpima. Kipimajoto nilikinunua 3,000 duka la dawa. Kimefungwa uzi na kibanio cha nguo kwenye mkia, kwa sababu cha kwanza kilipotelea huko kinakopotelea.

Waliopona ni kumi na wawili. Nilionywa kwamba aliyepona anaweza kuendelea kubeba vijidudu, hivyo hakuna hata mmoja niliyempeleka mnadani. Wanaishia hapa hapa kwangu, kwa uzazi au kwa sikukuu.

Mmoja wao ni Kanga, jike mwenye madoa, aliyefikia kuguna na kutoa ulimi kabla hajachomwa sindano ya kwanza. Amezaa mara mbili tangu hapo, mara ya pili pacha. Asubuhi kundi linapotoka hukimbia nalo mpaka kwenye kichuguu kilicho nyuma ya choo, hapo husimama, anatanua miguu ya mbele kidogo, wenzake wanampita. Pacha wake wanarudi kumfuata, wanamzunguka, wanapanda kichuguu na kushuka. Kijana mpya anayechunga alitaka kumchapa siku ya kwanza. Nikamwambia mwache, hesabu taratibu, huwa hafiki ishirini.